Sahani ya Maman Claudine

Jumapili, tarehe 9 Novemba. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile nyembamba ya kuudhi isiyojaza hata ndoo. Ziwa halionekani, na Bukavu ng'ambo haionekani. Nimefunga dirisha nikaanza kuandika, kwa sababu leo sina kisingizio kingine.

Nilistaafu majuma matatu yaliyopita. Wenzangu vijana walinipa kitenge na saa ya ukutani, kisha wakaniomba niwaandikie jinsi kazi ya kuhudumia wazee ilivyokuwa tulipoianza. Niliwaambia nimesoma darasa sita tu. Walisema haidhuru. Habari za vyeo na mishahara siziandiki, hazimfundishi mtu kitu. Na mujue mapema kwamba sina hakika kama kazi ile niliifanya vizuri. Wapo wengine waliokuwa pamoja nami, wakiwaeleza tofauti na hivi, muwasikilize na wao.

Mimi ni mtu wa Kamembe, mtoto wa fundi cherehani, Mwislamu. Nilianza baada ya mauaji ya mwaka 1994, vita vya ng'ambo vilipokuwa bado havijalipuka. Zamani mzee wa vilimani hakuhitaji mradi. Alikuwa na wana, wana walikuwa na wake, na wake walikuwa na sufuria. Baada ya mwaka ule ulikuta mzee kwenye nyumba ya vyumba vitatu, peke yake, amekaa kwenye chumba kimoja na vile viwili amevifunga. Mradi ulituchukua sisi wanawake wachache tuwe tunapita kwao: kuwaogesha, kuwakata kucha, kuwapikia uji, kuangalia vidonda, na kuandika katika daftari nani amezidi kudhoofika.

Hakuna aliyetufurahia. Waliniona na begi na daftari, wakasema huyu anahesabu mashamba yasiyo na mrithi. Wengine walisema ni mpelelezi. Kule Nyakabuye mama mmoja aliniambia usoni kwamba watu wa mjini hawaogeshi mzee wa mtu bure. Kwa haki yake, hata mimi ningesema hivyo.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa Nkanka, kwa mzee mmoja aliyekuwa mfyatua matofali. Kucha za miguu yake zilikuwa zimejikunja hadi zinaingia kwenye nyama. Alikubali nizilowanishe kwa maji ya moto na sabuni, akakubali nizikate. Nilipomaliza nilizikusanya kwenye gazeti nizitupe. Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikudhani anazo. Kucha zake aende nazo nani, na wapi? Alizihesabu moja moja, mbili hazikuonekana, tukapiga magoti wote wawili tukazitafuta chini ya kitanda mpaka zikapatikana. Alizifunga kwenye kitambaa, akakitia mfukoni. Tangu siku hiyo nikawa namkabidhi kila mtu kucha zake na nywele zake mkononi, hata asipoziuliza. Fanyeni hivyo. Ni kazi ya dakika moja.

Aliyenifundisha mengine yote ni Papa Laurent, muuguzi, Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Uvira, ng'ambo, akarudi akiwa tayari na mvi. Alikuwa mkali na hakumwamini mtu. Begi lake alilifunga kwa fundo alilolijua yeye tu, na akilikuta limefungwa kwa namna nyingine hakutumia kitu kilichomo. Mizani ya mradi aliidharau, kwa sababu mzee asiyeweza kusimama wima mizani itampima vipi? Badala yake alitumia kamba. Kila mzee alikuwa na kipande chake cha kamba ya pamba. Unaizungusha juu ya kiwiko, katikati ya mkono, unapiga fundo pale inapokutana. Mwezi unaofuata unazungusha tena. Kamba ikibana, mzee ananenepa. Ikilegea, uliza maswali. Nilikuwa na kamba kama thelathini begini, kila moja na kijikaratasi cha jina.

Vita vilipoanza ng'ambo na kambi za wakimbizi zikavunjika, watu walirudi kwa maelfu, na wazee kati yao. Wengine walibebwa mgongoni, wengine walifika na fimbo tu. Hapo mashaka yaliongezeka. Aliyebaki alimshuku aliyerudi, aliyerudi alimshuku aliyebaki, na sisi wa mjini tulishukiwa na wote wawili. Siku moja kwenye kizuizi cha barabarani askari alimwaga begi langu akakuta kamba zenye majina ya watu. Aliniuliza watu hao wamefanywa nini. Nilieleza, hakuamini, nikaeleza tena. Mwishowe nilimpima mkono wake mwenyewe na kumpigia fundo. Aliitazama kamba ile kwa muda mrefu, akaiweka mfukoni, akaniambia nipite. Sijui aliifanyia nini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinifanya niogope kuandika.

Gikundamvura, upande unaoteremkia bonde la Bugarama, aliishi mukecuru Asteria. Mukecuru ndivyo tunavyomwita mama mzee kwa heshima. Alizaa watoto saba. Mwaka wa mauaji hakubaki na hata mmoja, wala mume. Alikuwa mrefu, msafi, mwenye adabu ya zamani. Ukimwambia jambo asilolipenda alisema asante.

Jirani yake wa chini ya njia alikuwa Maman Claudine, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, mwenye watoto wanne. Mume wake alikuwa gerezani, ameshtakiwa kwa mambo ya mwaka ule, bado hajahukumiwa. Na huyo Maman Claudine, kila jioni, alipanda na sahani iliyofunikwa, akabisha, akamkabidhi mukecuru kwa mikono miwili, akateremka.

Nilijiuliza anataka nini. Niliandika sababu zote ili nisimwonee. Huenda anataka mukecuru asiende kusema neno juu ya mume wake. Huenda anataka shamba, kwa kuwa mashamba yao yanapakana. Huenda ana moyo mzuri tu. Hiyo ya tatu niliiandika kwa herufi ndogo, nakiri.

Kisha kamba ikalegea. Mwezi mmoja upana wa kidole, mwezi wa pili vidole viwili. Mukecuru alikuwa na kizunguzungu, na midomo yake ilikuwa imekauka. Nilimuuliza kama anakula. Akasema anakula, jirani analeta, asante. Niliuliza kama sahani inakuja kila siku, akasema kila siku. Nikapiga hesabu yangu: chakula kinaingia kila jioni na mkono unapungua, basi ndani ya chakula kuna kitu. Ninyi mtacheka. Lakini kwetu huku wakati ule hapakuwa na mtu asiyejua jina la aliyekufa kwa kulishwa sumu, au aliyesemekana amelishwa. Hata leo ukimtembelea mtu akakupa kinywaji, yeye hupiga funda la kwanza mbele yako ndipo akupe. Hakuna anayemwamuru. Ni heshima yake kwako.

Nami nilifanya kosa ambalo mtoto wa huku hafanyi. Nilimngoja Maman Claudine mlangoni kwa mukecuru, jioni, siku ya soko, watu wakipita njiani na mizigo yao. Alipofika na sahani nikamwambia, kwa sauti ya kazi, aonje kwanza.

Funda la kwanza mwenyeji hulipiga kwa hiari yake. Ukimwomba mtu aonje, umemwita muuaji. Nililijua hilo tangu utoto, na bado nililisema.

Hakupiga kelele. Aliweka sahani chini kwenye kizingiti, akafuta mikono kwenye kitenge. Tulisema Kinyarwanda, maneno yake ninayaweka kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "juu" ni "kwa sababu".

"Maman Zuhura, kuonja sitaonja. Siku nitaonja juu umeniomba, nitakuwa nimekubali ile kitu uko nafikiri."

Akateremka. Njiani watu walikuwa wamesimama. Nami, mjinga, nilifikiri: kama hana kitu, kwa nini hakuonja? Nikaandika kwenye daftari: jirani amekataa kuonja.

Baada ya siku nne nilirudi. Habari ilikuwa imenitangulia, imenenepa njiani. Sokoni hakuna aliyenunua ndizi za Maman Claudine. Watoto wake walikuwa wameambiwa wasichote maji pamoja na wenzao. Mkubwa wa mtaa aliniita kwake, akanipa kiti, akaniambia anataka ule ukurasa wa daftari langu. Alisema mume yuko gerezani, sasa mke ametaka kummaliza shahidi, na mimi nimeandika kwa mkono wangu, na mimi ni mtu wa mradi. Kwa ukurasa ule gari la polisi lingekuja kumchukua Maman Claudine. Sitaki kumsingizia mkubwa yule. Alikuwa na vilima vya watu walioachiwa hofu, na alidhani anamlinda mukecuru. Ila aliongea kwa haraka mno.

Nilimwambia ukurasa ni wa mradi, siwezi kuutoa bila Papa Laurent. Ulikuwa uongo. Alinipa mpaka Jumatatu.

Jumatatu Papa Laurent alipanda minibus nami hadi Nyakabuye, tukamaliza kwa miguu. Njia nzima nilimweleza: sahani, kamba, kukataa. Tulipofika alimsalimu mukecuru kwa muda mrefu, kuhusu mvua na kuhusu magoti. Alimpima mkono mwenyewe. Kisha akaomba ruhusa ya kwenda haja, akazunguka nyuma ya nyumba, na akakaa huko sana. Aliponiita, nilimkuta amesimama kwenye migomba, juu ya shimo la takataka, anachokoa kwa fimbo. Chini ya majani ya mgomba kulikuwa na chakula. Maharage, mabaki ya ndizi, muhogo, tabaka juu ya tabaka, ya chini yameoza na ya juu bado yana rangi. Kuku watano wa pale mtaani walikuwa wanakula bila haraka, kama watu waliozoea.

"Maman Zuhura," akasema, "hesabu kuku."

Nikahesabu.

"Kuna mwenye amekufa?"

Hapakuwa na aliyekufa. Walikuwa wanene kushinda kuku wote niliowahi kuona Gikundamvura.

"Umefuata chakula mpaka mlangoni," akasema. "Mpaka mdomoni haukufika."

Sikupata pa kuweka uso. Miezi mitatu nilikuwa naandika "analetewa chakula", na sikukaa hata jioni moja nikaona anakula.

Tulirudi ndani. Papa Laurent hakumuuliza mukecuru kwa ukali. Alimwambia tu kwamba kuku wa nyuma ya nyumba wana afya. Mukecuru alitazama mikono yake. Baadaye akasema kwamba sahani ya jirani haikataliwi, ukiikataa umemtukana, na yule mwanamke ana watu, na yeye hana mtu. Kwa hiyo alipokea, akashukuru, akangoja aondoke, akaenda kumwaga. Yeye alikula parachichi, na viazi vyake viwili vitatu alivyochoma mwenyewe mchana, na uji wangu siku nilizofika. Kula aliogopa, na tangu sahani ya kwanza hakuweka tonge lake hata moja mdomoni. Alikuwa anakufa njaa kwa adabu.

Nikamuuliza kama alijua watu wanamsema Maman Claudine. Alijua. Nikamuuliza kama angeacha gari lije kumchukua. Hapo, na ninaandika ukweli, sikuona kwenye uso wake jibu nililolitaka. Mwisho akasema: "Yale ya bwana yake, siyasahau. Lakini hii, hapana. Hii sikukula."

Kutoka pale nilikwenda kwa mkubwa wa mtaa. Niliomba awaite waliokuwa njiani siku ya soko, wale aliowapata, na mbele yao nikasema nimekosa, chakula hakikuliwa hata mara moja, kuku wanaonekana, na ukurasa ule nikauchana. Mmoja aliuliza mradi umenilipa faranga ngapi kugeuza maneno. Huyo mpaka leo haniamini, nami siwezi kumlaumu, kwa sababu juma lililotangulia nilikuwa nimesema kinyume.

Kisha nikateremka kwa Maman Claudine. Alikuwa anamenya muhogo. Hakunipa kiti, nikasimama. Nilisema niliyokuja kusema. Aliendelea kumenya mpaka ule muhogo ukaisha.

Nilimuuliza lile ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo: kwa nini alikuwa analeta. Alinionyesha kwa kisu paa la mukecuru, juu kwenye kilima.

"Kila jioni niko natazama kule. Moshi haitoke. Ukiona nyumba ya muntu yenye haitoke moshi, utalala aje?"

Sikujua kama hiyo ndiyo sababu yote. Huenda mume wake alikuwamo pia ndani ya sababu, na huenda yeye mwenyewe hakujua ni kiasi gani. Niliandika moshi, nikaacha hapo.

Nilimwomba arudi. Mukecuru hakuwa na juma lingine la kuishi kwa parachichi, Papa Laurent alisema hivyo waziwazi, na mimi nilifika mara mbili tu kwa juma. Akasema sahani hatapandisha tena, wamwage za wengine. Nikadhani ndiyo mwisho. Nilikuwa nimeshageuka aliposema neno lingine.

"Nitapika kule kwake. Sufuria yake, maji yake, chumvi yake. Akae mbele aniangalie mikono. Na weye ukuje, uniangalie, juu unapenda kuangalia."

Ili msisome kwa hofu, ninawaambia sasa hivi kwamba mukecuru Asteria hakufa mwaka ule. Aliishi miaka mingine mitano, na kamba yake nilibadilisha mara mbili kwa sababu ya kubana. Kazini tulianza kupika kwenye nyumba za wazee badala ya kuwapelekea chakula kilichofunikwa. Wakubwa wa mradi walisema inapoteza muda, na kweli inapoteza. Mkiona leo mhudumu anawasha moto kwa mzee na mzee amekaa anamtazama mikono, desturi hiyo ilitoka pale.

Lakini jioni ya kwanza haikuwa nzuri kama watu wanavyoisimulia kwenye mikutano.

Maman Claudine alikuja na vitu vibichi tu, kwenye kikapu kilicho wazi. Mukecuru alikaa kwenye kigoda, hatua mbili kutoka mafigani. Aliyatoa maji mwenyewe kwenye mtungi wake. Alipokea maharage, akayapepeta upya, ingawa yalikuwa yamepepetwa. Ndizi alizigeuza moja moja. Kila jirani alipoinua mkono, macho ya mukecuru yaliinuka nao. Moshi ulijaa mle ndani, macho yakatoka machozi kwa wote watatu, na hakuna aliyethubutu kutoka nje. Jirani alipotaka kutia chumvi, mukecuru alinyoosha kiganja, akatiliwa, akairamba kidogo, akairudisha. Maman Claudine alivumilia yote hayo. Niliona taya lake tu linavyokaza.

Maharage yalichukua muda mwingi. Nilianza kuhesabu minibus za Nyakabuye zilizonipita.

Yalipoiva, Maman Claudine aliipua, akaketi chini, akavuta sufuria katikati, akaanza kula. Hakuonja, alikula, kama mtu mwenye njaa aliyeshinda shambani, bila kumtazama mtu. Mukecuru alimtazama akimeza mara tatu, mara nne. Kisha alishuka kwenye kigoda, taratibu kwa ajili ya magoti, akaketi upande wa pili wa sufuria, akamega.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na kamba yangu mkononi, sijui ya nini. Maman Claudine alinipakulia kwenye sahani, ile ile ya kila jioni, akaninyooshea.

Nikasema nimefunga.

Mukecuru aliacha kutafuna. "Ramadhani imefika lini?"

Nikasema ni saumu nyingine, ya nadhiri. Hakukuwa na nadhiri. Nilikuwa nimeiona mikono ya jirani yote miwili tangu mwanzo, maji, chumvi, maharage, nilikuwa nimeona mukecuru anakula na hajaanguka, na bado mkono wangu haukuinuka kupokea ile sahani. Nimejiuliza miaka yote kwa nini.

Maman Claudine aliivuta sahani, akaimimina tena kwenye sufuria.

"Mumuache," akamwambia mukecuru. "Naye atapona, polepole."

Wale wawili walikula ndizi na maharage yenye mboga ya lengalenga na mawese, wakamaliza mpaka chini. Mimi nilifika Kamembe wa kwangu wamekwisha kula, nikala bugali baridi na sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilizobaki, nimesimama jikoni.